Pembe Isiyokatwa

Kushona turubai ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashona, mwenzake anavuta upande wa pili ili kitambaa kikae kimenyooka, kisijikunje chini ya sindano. Nta hakuwa na wa kumvutia. Alikuwa na kulabu. Aliifunga kwa kamba kwenye mguu wa benchi, akaichomeka kwenye ukingo wa turubai, akajisogeza nyuma mpaka kitambaa kikakaza juu ya mapaja yake. Kulabu haichoki, haiombi ruhusa ya kwenda chooni, wala haibishi. Ila pia haicheki, na ukikosea haikwambii.

Jina la Nta alipewa na baba yake, akiwa mtoto, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kupitisha uzi kwenye donge la nta ili uteleze na usilowe. Dada yake, aliyemzidi miaka minne, aliitwa Sindano. Baba alikuwa na majina ya kazi kwa kila mtu, na majina hayo yakaganda. Sasa Nta alikuwa na miaka sitini na miwili, na pale mtaani wengi hawakujua kama aliwahi kuitwa vinginevyo.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu ghorofani, juu ya duka la mabomba na misumari. Hakikuwa na nguzo katikati, maana kilijengwa kwa ajili ya matanga, na tanga hutandazwa sakafuni likiwa zima. Mbao za sakafu zilikuwa zimelainika kwa kuburuziwa vitambaa miaka na miaka. Zamani washonaji sita walikaa humo, wanakohoa, wanataniana, wanagombania benchi lililo karibu na dirisha. Sasa kulikuwa na Nta, redio iliyoshika stesheni moja, na maturubai ya malori.

Ukutani, usawa wa macho, kulikuwa na msumari, na msumarini ilitundikwa ngozi. Kila mshona matanga ana ngozi yake: mkanda mpana unaovaliwa kiganjani, wenye kisahani cha chuma cha kusukumia sindano, kwa sababu kidole kitupu hakiwezi kuipenyeza kwenye turubai. Ngozi ya Nta ilikuwa ya mkono wa kulia, kama za watu wengi. Ile ya msumarini ilikuwa ya mkono wa kushoto. Ilikaa pale miaka arobaini na mitatu kwa sababu hakuna aliyeweza kuivaa, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kuitupa.

Jumatatu hiyo, kabla ya adhuhuri, alisikia mtu anapanda ngazi na kupumzika kila baada ya hatua kumi. Alikuwa msimamizi wa makumbusho ya bandari, mwanamke kijana mwenye miwani ya kamba, na nyuma yake wapagazi wawili wamebeba bunda refu begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pumua kwanza."

"Ngazi ngapi hizi?"

"Arobaini na mbili."

"Mgonjwa wa moyo akija hapa mnamzika."

"Ndiyo maana wateja wangu wote wana afya," Nta alisema. "Kaeni. Hilo bunda litueni pale penye mwanga."

Wapagazi walitua, wakapewa maji, wakashuka. Msimamizi alikaa kwenye kigoda, akatoa karatasi kwenye mkoba. Alieleza kwamba makumbusho yanaandaa chumba kipya kuhusu kitambaa cha matanga, kuanzia kilikotoka mpaka kilivyopotea. Kitu kikubwa cha kuonyesha walikuwa wamekipata juu ya dari la shule moja, kilikotumiwa miaka mingi kama pazia la michezo ya kuigiza. Lilikuwa tanga kuukuu. Alitaka fundi alikague kabla ya kutundikwa, na alitaka pia fundi asikilize maandishi yatakayobandikwa ukutani.

"Mimi nimesoma vitabu tu," alisema. "Sijawahi kushika sindano yenu. Nikiandika upuuzi, nikosoe."

"Soma," Nta alisema, akaendelea kushona.

Msimamizi alisoma kwamba turubai la kwanza la meli kubwa lilifumwa kwa kitani na kwa nyuzi za mmea wa bangi, likawa zito, na likilowa linakuwa gumu kama ubao.

"Hapo sawa," Nta alisema. "Ongeza kwamba mabaharia walikuwa wanalimwagia maji makusudi. Uzi wa kitani ukilowa unavimba, matundu yanaziba, upepo haupiti."

Msimamizi aliandika. Akasoma kwamba baadaye ikaja pamba, nyepesi na iliyofumwa kwa kubanana zaidi, na kwamba unene ulipimwa kwa namba, namba moja ikiwa nyembamba kuliko zote.

"Geuza. Namba moja ndiyo nene. Inavyopanda ndivyo inavyokuwa nyembamba."

"Mbona kinyumenyume?"

"Walioanza hawakutuuliza."

Msimamizi alicheka, akafuta. Akasoma kwamba matanga yana mishono mingi kwa ajili ya urembo. Nta aliinua macho.

"Urembo? Mwanangu, kitambaa kilifumwa na mtu aliyekaa kwenye kitanda cha mfumi, anarusha kijiti chenye uzi mkono huu, anakidaka mkono huu. Nyoosha mikono yako. Umeona? Upana wa kitambaa ni upana wa mikono ya mtu. Tanga likitakiwa kubwa, unaunga vipande. Mishono mingi ni kwa sababu mtu ni mdogo."

"Hiyo naiandika kama ulivyosema," alisema msimamizi. Akageuza karatasi. "Sasa aya ya mwisho, kuhusu hili lenyewe. 'Tanga hili lilishonwa katika karakana ya mji huu kwa ajili ya meli ya mizigo yenye milingoti miwili. Lilipasuka katika safari yake ya tatu kwa sababu ya mshono dhaifu, na meli ikapanda mwamba.'"

Sindano ya Nta ilisimama katikati ya kitambaa.

"Nani kakwambia mshono?"

"Mtoto wa nahodha. Na gazeti la wakati ule, tunalo. Kwani uliijua hiyo meli, Mama?"

Nta aliikunja ile kazi aliyokuwa nayo, taratibu, pembe kwa pembe.

"Tanga lake lilishonwa humu," alisema.

*

Ilikuwa hivi. Meli ilipopanda mwamba, mzigo wake wote wa saruji ulizama, na baharia mmoja alivunjika nyonga. Hakufa mtu. Nahodha alipanda zile ngazi siku nne baadaye, bado ana michubuko usoni, akamwambia baba yao mbele ya washonaji wote: mshono mkuu umefunguka kutoka juu mpaka chini kama mkoba. Tanga lenyewe hakuja nalo. Lilikuwa limekatwa na kuachwa huko huko lilikotupwa na maji.

Baba hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Aliuliza tu, "Mshono mkuu alishona nani?" ingawa kila mtu alijua. Sindano alikuwa na mkono mzuri kuliko wote humo ndani, na mshono mkuu hakupewa mwingine. Baba akasema, "Vua ngozi, uiweke mezani."

Sindano aliivua. Hakuiweka mezani. Aliitundika msumarini, akachukua shali yake, akashuka ngazi zote arobaini na mbili bila kukimbia. Wiki iliyofuata aliondoka mjini. Akaolewa mbali, akazaa mbali, akafiwa na mume mbali. Tangu siku ile, mabinti wawili waliokuwa wakishonea benchi moja, mmoja akianza kushoto na mwingine kulia mpaka wanakutana katikati na kugonganisha vichwa, walizungumza mara tatu tu. Zote zilikuwa simu za misiba.

*

"Lifungue," Nta alisema.

Walilikunjua pamoja. Lilijaa sakafu kutoka dirisha la mbele karibu na la nyuma, la rangi ya chai iliyochuja, limetobolewa matundu ya ndoano za pazia. Katikati yake lilikuwa na mpasuko mrefu ulionyooka. Nta alivua viatu, akapiga magoti, akavaa miwani yake.

Mishono ya tanga hulala upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Ya mtu wa mkono wa kulia inalalia huku. Hii ilikuwa imelala upande wa pili. Nta hakuhitaji kuambiwa na mtoto wa nahodha. Aliipapasa kwa kidole gumba, na kwa muda mfupi ilikuwa kama amemshika dada yake kiwiko.

Kisha akaanza kazi. Alitambaa kwa magoti kando ya mpasuko, futi baada ya futi, bila haraka. Msimamizi alimfuata nyuma. Walipofika mwisho Nta alikaa chini, akanyoosha miguu.

"Njoo uone," alisema. "Mshono uko wapi?"

"Huu hapa."

"Na mpasuko?"

Msimamizi aliinama. Mpasuko ulikuwa kando ya mshono, upana wa kidole gumba pembeni yake, ukiufuata kwa urefu wote kama njia inayofuata reli. Mshono wenyewe ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na uzi hata mmoja uliokatika.

"Kilichopasuka ni kitambaa," alisema msimamizi.

"Kitambaa. Mtu akiwa sitahani, dhoruba inampiga usoni, anaona tanga limefunguka kufuata mstari wa mshono. Atasema nini? Atasema mshono."

"Mama, basi nimeandika uongo!"

"Umeandika ulichoambiwa."

Nta alisikia kifua kimefunguka. Kwa dakika chache alikuwa mtu mwenye furaha, pale sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto. Mshono wa dada yake ulikuwa mzima. Alijiona akiinua simu, akiyasema maneno hayo, na upande wa pili dada yake analia kwa raha.

Halafu mazoea yakamfanya afanye lile ambalo fundi yeyote angefanya. Kama ni kitambaa, ni cha jora gani? Alilishika pindo la chini, pale kipande kilichopasuka kilipoishia, akachukua kisu kidogo, akafumua michomo sita, akalifunua pindo lililokunjwa mara mbili.

Ndani, kwenye pembe, palikuwa na alama ya vema ya penseli ya buluu. Mkia wake ulipinda kidogo mwishoni. Ulikuwa mwandiko wa Nta mwenyewe.

"Hiyo ni nini?" aliuliza msimamizi.

Nta aliinama zaidi. Alikuwa anaitazama pembe. Ilikuwa nzima, imenyooka, na ukingo wake haujaguswa.

*

Baba yao hakuwa na imani na wauza vitambaa. Alisema nyuzi za urefu lazima zipakwe wanga kidogo ili zisikatike wakati wa kufuma, hilo halina ubaya. Ila wapo wanaofuma uzi mwembamba, wa mbali mbali, wakaukandika kwa wanga mpaka kitambaa kikawa kizito na kigumu, wakakiuza kama namba mbili. Ukikishika kikiwa kikavu hutajua. Kikienda baharini, mvua inaosha wanga, na ule unaobaki unaliwa na kuvu. Kando ya mishono, ambako unyevu unakaa sana, kuvu inakula kwanza.

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Kila jora likifika, lilikatwa pembe yake moja, kipande cha ukubwa wa kiganja. Kipande kililoweshwa kwenye bakuli, kikasuguliwa kwa vidole gumba viwili. Maji yakiwa meupe kama yaliyooshewa mchele, jora linarudishwa. Maji yakiwa safi, jora linatiwa vema ya buluu pale pale kwenye pembe iliyokatwa, na pembe hiyo inashonewa ndani ya pindo. "Siku tutakapoulizwa," baba alisema, "tufunue tujue."

Bakuli lilikuwa kazi ya Nta.

Wakati ule bomba lilikuwa chini, uani. Maji yalipandishwa kwa ndoo, na kila jora lilitaka maji mapya. Kwa lile tanga yalikuja majora sita asubuhi ya joto kali. Nta, mwenye miaka kumi na tisa na usingizi machoni, alipandisha ndoo moja. Alipima jora la juu. Maji yalibaki safi. Akayatazama yale matano yaliyobaki. Yalitoka duka moja, siku moja, yamefungwa kamba moja. Akachukua penseli, akayatia vema yote.

*

"Mama?" msimamizi alisema. "Uko sawa?"

"Naomba nikate hii pembe."

"Kukata? Mama, hiki ni kitu cha makumbusho. Mimi hata kukigusa bila glavu naogopa."

"Kipande cha kiganja tu. Kilitakiwa kikatwe siku nyingi."

Msimamizi alimtazama usoni, akaona kwamba hapa hapana mchezo. "Kiganja," alisema. "Cha kwako, si cha mpagazi."

Sasa bomba lilikuwa humo humo ndani, hatua tano kutoka benchi. Nta alikata pembe, akaisuuza kwanza mara moja kuondoa vumbi, akamwaga. Akaweka maji mapya kwenye bakuli, akasugua kwa vidole gumba viwili kama alivyofundishwa. Ndani ya pindo mvua haikuwa imefika vizuri. Maji yakaanza kubadilika, kidogo kidogo, mpaka chini ya bakuli pasionekane. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kitambaa kilicholegea kama bandeji. Alikiinua dirishani. Msimamizi, upande wa pili wa kitambaa, aliviona vidole vyake kupitia nyuzi.

"Basi ni kosa la mwenye duka la vitambaa," msimamizi alisema. "Aliwauzia wanga."

"Duka halipo. Mwenyewe amekufa."

"Naandika hivyo? 'Kitambaa kilikuwa kibovu'?"

"Niachie mpaka Alhamisi," Nta alisema. "Na tanga niachie pia, nilirudishie pindo."

Kabla ya kushuka, msimamizi alisimama mlangoni akasema, "Mshonaji wake yuko hai?"

"Yuko."

"Atafurahi."

*

Jumanne Nta hakushona pindo. Alikaa kwenye benchi akilitazama tanga lililojaa chumba, kama mgeni mkubwa aliyelala sakafuni na huwezi kumwamsha. Kupita ilimbidi azunguke ukutani.

Aliwaza kwa utaratibu, kama kawaida yake. Kitambaa kilikuwa kibovu: hiyo ni kweli. Akimwambia dada yake hiyo tu, hatakuwa amesema uongo. Msimamizi haijui habari ya pembe. Baba hayupo. Washonaji wengine wametawanyika, wengi wako makaburini. Ile alama ya buluu, duniani kote, anaijua mtu mmoja.

Aliwaza pia jambo lingine, ambalo miaka yote alilipitia pembeni kama anavyolipitia tanga sasa. Siku nahodha aliposema mshono, yeye Nta alisimama pale na donge la nta mkononi, na moyo wake ulitulia. Kama ni mshono, basi si bakuli. Hakuuliza zaidi. Alimtazama dada yake akivua ngozi, na sehemu yake moja ilikuwa inashukuru.

Jumatano alasiri alipiga moyo konde, akapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Nani kafa?" Sindano alisema.

"Hajafa mtu, dada."

"Unaumwa."

"Siumwi."

Nyuma ya sauti ile palikuwa na redio, na maji yanamiminwa kwenye chombo cha bati. "Kumbe umenipigia tu," Sindano alisema, kwa namna ya mtu anayeonja chakula asichokijua. "Haya. Hujambo?"

"Tanga limerudi."

"Tanga gani?" Kisha redio ikazimwa.

Nta alimweleza: dari la shule, pazia, bunda, msimamizi. Akamweleza mpasuko ulipo. "Mshono wako mzima, dada. Nimeupitia wote kwa magoti. Hakuna uzi uliokatika. Kitambaa ndicho kilichopasuka."

"Rudia."

"Kitambaa ndicho kilichopasuka. Mshono mzima."

Nta akatazama simu kama imekatika. Hapo angeweza kuishia. Alilisikia neno la kuagana linamjia mdomoni, tayari limepakwa nta.

"Nimefunua pindo," alisema. "Vema yangu ipo. Pembe haikukatwa."

"Sikuelewi."

"Sikulipima lile jora. Nilipima moja, yaliyobaki nikayatia vema tu."

"Ulipima moja."

"Ndiyo."

"Kati ya mangapi?"

"Sita."

"Kwa nini?"

Nta alifumba macho. "Ngazi, dada. Bomba lilikuwa chini."

Sindano alicheka. Hakikuwa kicheko cha kumpa mtu nafasi ya kucheka naye. "Ngazi," alisema. "Mimi nilidhani labda ulikuwa na mchumba uani, kitu kama hicho. Ngazi! Unajua mimi sijashona hata kifungo? Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anashona vifungo vyake mwenyewe, mimi nimekaa pale namtazama. Wanangu wamekua wakijua mama yao hajui sindano. Nikawaacha wajue hivyo."

"Dada…"

"Subiri, nasema mimi. Kila nikilala naurudia ule mshono. Natafuta nilipolegeza mkono. Nikatafuta mpaka nikapapata, Nta! Nikapajua kabisa. Chini, karibu na pindo. Ninyi mlikuwa mnamcheka yule mshonaji mzee aliyekuwa akipiga miayo, mimi nikageuka kutazama, mkono ukaenda wenyewe. Nilikuwa na hakika ni pale. Miaka yote hiyo mimi napajua mahali penyewe."

"Ni pazima."

"Tanga unalo hapo?"

"Liko sakafuni."

"Nenda. Hesabu."

Nta alipiga magoti, simu ameibana kwa bega. Sheria ya baba ilikuwa michomo tisa kwa kila urefu wa sindano. Alichukua sindano, akailaza kando ya mshono, juu ya pindo, akahesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Alifika tisa. Akaisogeza sindano. Akahesabu tena, tisa. Upande wa pili hapakuwa na sauti ila pumzi. Alihesabu mara kumi na moja, mpaka magoti yakawaka moto na kidole kikagusa pindo, na kila mara ilikuwa tisa.

"Basi," Sindano alisema.

Nta alibaki pale pale amepiga magoti.

"Baba alijua?"

"Hakujua. Sikumwambia."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua nimepima moja. Waliposema mshono, nikauacha uwe mshono."

"Mama alikufa ananiuliza kwa nini siji nyumbani." Sauti ilikuwa ya chini, sauti ya baba yao. "Leo sina la kukwambia."

"Sawa, dada."

"Usinipigie kesho."

"Sawa."

"Wala keshokutwa. Nikitaka nitapiga mimi."

"Sawa."

Nta alingoja simu ikatwe. Haikukatwa.

"Ngozi yangu mliitupa?"

"Iko msumarini."

"Imekauka?"

"Imekauka kama gome."

"Ngozi haiachwi hivyo," Sindano alisema kwa hasira, na hapo ndipo alipokata.

*

Alhamisi msimamizi alipanda akiwa na kalamu mkononi. Pindo lilikuwa limerudishiwa, isipokuwa pale kwenye pembe: Nta alikuwa ameliacha wazi, alama ya buluu inaonekana.

"Andika," alisema, naye akaandika. "'Mshono wa tanga hili ni mzima mpaka leo. Kilichopasuka ni kitambaa, kilichokuwa kimekandikwa wanga. Utaratibu wa karakana ulikuwa kukata pembe ya kila jora na kuipima kwa maji. Jora hili lilitiwa alama bila kupimwa.'"

"Na nani?" msimamizi aliuliza, halafu akainua macho kwenye karatasi, akaona anaulizia nini. "Mama, si lazima."

"Andika: 'na mdogo wa mshonaji.' Watu wa hapa watajua. Wasiojua, haiwahusu."

Msimamizi aliandika polepole. Wapagazi wakaja, wakalikunja tanga, wakaondoka nalo. Chumba kikarudi urefu wake wa zamani, na sakafu ikaonekana tupu kuliko wiki iliyopita.

Nta aliitoa ngozi msumarini. Mara ya kwanza. Ilikuwa ngumu, na alipojaribu kuikunja ilitoa mlio wa kuni. Alipasha mafuta kidogo, akaipaka kwa kitambaa, ndani na nje, akaiacha benchini kwenye kivuli. Kisha akavaa yake, akachomeka kulabu, akaendelea na turubai la lori. Simu aliiweka kwenye kigoda cha kushoto, uso juu.

Ijumaa haikulia. Jumamosi haikulia. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, aliipaka ile ngozi mafuta na kuikunja mara moja, taratibu. Siku ya sita ilikunjika bila kutoa sauti. Aliirudisha msumarini, akafunga redio ili asikie vizuri, akashona.